Aliyetoboa Sikio la Vanessa

Vanessa alitobolewa sikio siku ya Jumamosi. Mimi nililiona Jumatatu asubuhi, alipoinama juu ya beseni kufua na kitambaa chake cha kichwa kikateleza. Juu kabisa, pale sikio linapokuwa gumu, palikuwa na kipete cha rangi ya dhahabu, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa bado nyekundu.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

Akavuta kitambaa haraka. "Hereni, Mama."

"Naona ni hereni. Nani amekutoboa?"

"Masenge."

Masenge ni dada wa baba yake. Anaitwa Niyigena, ana miaka thelathini na mitatu, anapanga chumba barabara tatu kutoka kwetu, na hapo mlangoni pake anasuka nywele, anapaka kucha na kutoboa masikio.

Nisieleweke vibaya. Hereni yenyewe haikunikasirisha. Mimi ni muuguzi mwenye diploma, na katika kituo cha afya ninakofanya kazi hapa Majengo, Goma, kutoboa masikio ni kazi yangu. Kila Jumatano, chanjo zikiisha, akina mama hupanga foleni na watoto wao wa kike. Natumia sindano mpya kwa kila mtoto. Natia alama kwa kalamu pande zote mbili, narudi nyuma hatua moja kuangalia kama ziko sawa, halafu natoboa. Kuna wasichana wakubwa wanaopita barabarani na simu zao mkononi, nami nikiwatazama najua mashimo yale ni ya mkono wangu. Sasa binti yangu mwenyewe, mwenye miaka kumi na tisa, anayelala upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikuwa ameondoka nyumbani kwenda kutobolewa na mtu mwingine.

"Ju ya nini haukuniambia?"

"Ungesema hapana."

"Haujui kama ningesema hapana."

"Basi ungesema ndiyo, kisha ungenifundisha somo muzima." Akacheka kidogo, akaendelea kusugua nguo. "Masenge aliniahidi. Alisema nikipita mtihani wa Serikali, atanitoboa ya juu. Nimepita, amenitoboa."

Mimi nilimpa nini alipopita mtihani huo wa kumaliza sekondari? Nilimpa fomu ya chuo cha uuguzi. Nilikuwa nimeshaijaza na kubandika picha mbili. Alisema aksanti, akaiweka juu ya kabati, na bado iko hapo.

"Alitumia nini? Sindano au bastola?"

Bastola ni kile chombo cha kutobolea wanachotumia sokoni. Kwenye nyama laini ya chini hakina neno, lakini juu kinapasua. Nakiri kwamba nilitamani aseme bastola.

"Sindano," akasema. "Mupya. Aliifungua mbele yangu."

Nikamwambia asogee. Nikaangalia. Shimo lilikuwa limenyooka, mahali pake hasa, kipete kimekaa vizuri kana kwamba sikio liliumbwa nacho. Singefanya vizuri zaidi. Hilo liliniudhi kuliko mengine yote.

Kwa watu wetu wa Rutshuru na wa milima ya Masisi, mambo ya msichana ni ya masenge. Yeye ndiye anayemweleza mwili wake unavyobadilika. Habari za mchumba zinafika kwake kwanza. Siku ya harusi yeye ndiye anayefunga mlango akabaki na bibi harusi kumpa maneno ya mwisho, na mama wa bibi harusi yuko nje anahesabu sahani. Hakuna aliyeweka desturi hiyo ili kunionea mimi. Hata mimi nilikuwa na masenge wangu, nilimwambia kila kitu, na sikuwahi kujiuliza mama yangu alikuwa anasikia nini rohoni alipotuona tunanong'ona. Kwa hiyo naielewa vizuri sana. Kuielewa hakujanipunguzia kitu.

Vanessa alipoona damu mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Alichukua simu ya baba yake akampigia Niyigena, ambaye wakati huo alikuwa bado Rutshuru. Mimi, mwenye michoro ya mfuko wa uzazi ndani ya mkoba wa kazi, ninayefundisha wasichana wa watu wengine, niliambiwa na mama mkwe wangu wiki tatu baadaye, kwenye harusi, tukimenya ndizi.

"Binti yetu amekua," akasema.

"Ndiyo, amekua," nikajibu, kana kwamba nilikuwa najua.

Lakini angalau wakati ule Niyigena alikuwa mbali. Halafu, miaka mitatu iliyopita, vita vikamleta. Alifika Goma na mifuko miwili, akawekwa kambini Mugunga, na ni mimi niliyemwambia mume wangu, Rémy, kwamba dada yake hawezi kulala chini ya turubai kipindi cha mvua. Mimi. Rémy alikuwa bado anafikiri. Nilimtafutia hata kile chumba. Tangu siku hiyo Vanessa ana njia mpya ya kutembea anapotoka nyumbani, haraka, kichwa juu, na najua anakoelekea bila kuuliza.

"Na unapaka nini?" nikamwuliza pale kwenye beseni.

"Mafuta ya ng'ombe. Asubuhi na jioni. Kisha nakizungusha kidogo ili kisishike."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

Kwetu mafuta ya ng'ombe ni dawa ya kila kitu. Yanashuka kutoka Masisi ndani ya chupa za plastiki, yananuka moshi na maziwa, na tunampaka mtoto mchanga, tunapaka nywele, tunapaka mahali palipoungua. Vanessa alipokuwa na miezi mitatu nilimtoboa mwenyewe, na mama mkwe akampaka mafuta hayo hayo, na akapona bila shida. Lakini chini ya sikio ni nyama yenye damu, inasamehe. Juu ni gegedu. Gegedu halina damu yake lenyewe, na uchafu ukiingia humo unakaa. Mafuta yanaziba shimo, kuzungusha kunachubua kidonda kila siku upya. Maji ya chumvi yaliyochemshwa, na usiguse. Nimewaambia akina mama wasiohesabika maneno hayo.

Nilifungua kinywa. Vanessa akaniwahi.

"Masenge anajua hayo mambo, Mama. Usijisumbue."

Nikafunga kinywa.

"Sawa," nikasema. "Kama masenge anajua."

Nikachukua mkoba wangu nikaenda kazini, na njia nzima nilitembea nikipiga mawe ya volkano kwa ncha ya kiatu kama mtoto aliyenyimwa kitu.

Alhamisi nilimkuta jikoni akipepea makaa. Alikuwa amefunga kitambaa nyuma ya masikio kwa sababu ya joto. Nusu ya juu ya sikio ilikuwa imevimba na kung'aa kwa mafuta, nyekundu iliyokoza. Nusu ya chini ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Hiyo ndiyo alama yenyewe: juu pamewaka, chini pametulia. Tulioneshwa picha yake darasani. Niligusa kwa mgongo wa mkono, palikuwa pa moto.

"Inauma?"

"Kidogo. Masenge alisema itauma siku za kwanza."

Katika kabati la kituo, rafu ya pili, palikuwa na vidonge vinavyohitajika. Ningeweza kuvileta mchana uleule. Ningeweza kukitoa kile kipete nikiwa nimesimama palepale. Niliangalia sikio la binti yangu nikawaza: sasa tutaona masenge anajua nini. Nilitaka aje mwenyewe. Nilitaka asimame mlangoni mwa chumba changu aseme, Mama, nisaidie, yule hajui. Ningemtibu vizuri sana. Nilikuwa nimeshayaona yote hayo kichwani mwangu, hadi namna ambavyo ningekaa.

"Haya," nikasema. "Angalia maharage yasiungue."

Ijumaa asubuhi akaaga. Niyigena alikuwa na wanawake sita wa kusuka kwa ajili ya harusi, na Vanessa angelala huko hadi Jumapili kumsaidia. Alipita karibu nami mlangoni. Kitambaa kilikuwa kimefungwa chini, sikuona chochote, na sikuomba kuona. Nilijiambia, siku moja tu. Nilikuwa nimejiambia hivyo hata siku iliyotangulia.

Jumapili nilikuwa navaa kwenda kanisani nikasikia pikipiki inasimama nje. Niyigena aliingia bila kubisha, amemshika Vanessa kiunoni.

"Mama Vanessa, angalia mutoto."

Vanessa alikuwa anatetemeka. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, na midomo yangu iliyatoa kabla sijafikiri.

"Leo mumekumbuka njia ya kuja hapa? Si nilisikia masenge anajua?"

"Utanitukana kesho," Niyigena akasema. "Kesho nitakuja mwenyewe unitukane kutwa. Leo mutoto iko na homa."

Akavua kile kitambaa. Sikio lilikuwa limesimama mbali na kichwa, zito, rangi ya zambarau juu, na kipete kilikuwa kimezama hakionekani. Ushindi wangu ulidumu muda wa kufunga zipu ya gauni.

Tulimpeleka kituoni. Daktari wa zamu alikuwa Evariste, kijana mtaratibu, tumefanya kazi pamoja miaka miwili. Alimpiga Vanessa sindano ya ganzi, akapasua, na usaha ukatoka mwingi kuliko nilivyotarajia. Mimi nilishika bakuli. Niyigena alishika mkono wa Vanessa. Hakuna aliyetupangia, kila mtu alikwenda mahali pake.

"Ilianza lini?" Evariste akauliza.

"Jana ndiyo niliona imevimba sana," Niyigena akasema. "Nilifikiri ni kawaida. Nikaongeza mafuta."

Evariste akatikisa kichwa. "Hii si ya jana. Hii iko na siku tatu, pengine ine." Akanigeukia mimi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anauliza mwenzake. "Mama Perpétue, munakaa naye nyumba moja. Haukuona kitu?"

"Anajifunika kichwa siku zote," nikasema.

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Nimewahi kusema uongo mdogo na mkubwa maishani, lakini hakuna ulionichafua kama ukweli ule.

Alipomaliza kusafisha alituonyesha kwa ncha ya koleo. Kipande cha gegedu kilikuwa kimekufa, akakitoa. Sikio lingepona, homa ingeshuka, lakini juu pangekunjika kidogo na kubaki hivyo. "Mungekuja siku mbili mbele ya leo," akasema, "vidonge peke yake vingetosha."

Nyumbani Rémy alikuwa anatusubiri. Mume wangu ni fundi wa kujenga, si mtu wa kelele, lakini alipoona bandeji imezunguka kichwa chote cha binti yake alimgeukia dada yake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Niyigena, mutoto wangu umemufanya nini?"

"Kosa ni yangu," Niyigena akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, mikono kati ya magoti.

"Muganga iko ndani ya nyumba! Mama yake! Kazi yake ndio hiyo! Nyinyi munaenda kujificha na mafuta ya ng'ombe kama watu bila akili. Kuanzia leo Vanessa akitaka kitu, kidogo ao kikubwa, mama yake iko hapa. Nimemaliza."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miaka saba. Tangu zile ndizi. Na sitadanganya, yalikuwa matamu. Nilikaa wima kwenye kiti changu nikayaacha yaingie moja moja. Niyigena alilia bila sauti. Vanessa alikuwa amelala kwenye kochi, uso kwa ukuta.

Niyigena akainuka. Akamgusa Vanessa begani, akasema, "Sikiliza mama yako." Kisha akaja hadi mbele yangu.

"Mama Vanessa, unisamehe. Ningekuwa na macho yako, ningeona mapema."

Angesema kitu kingine chochote ningeinamisha kichwa tu na kumwacha aende. Angeweza hata kunitukana.

"Niliona," nikasema.

"Uliona nini?" Rémy akauliza.

"Sikio. Niliona Alhamisi, jikoni. Nilijua ni ugonjwa gani na dawa yake nilijua iko rafu gani. Hata mafuta, nilijua tangu Jumatatu. Nilinyamaza."

Vanessa aligeuka polepole, bandeji ikamfanya ageuze na mabega. Jicho lake la upande wa sikio lile lilikuwa limevimba.

"Ju ya nini, Mama?"

Ningeweza kusema nilifikiri litapona. Ningeweza kusema kazi zilikuwa nyingi.

"Wivu," nikasema. "Ulienda kwake. Siku zote unaenda kwake. Nilitaka ashindwe."

Nilitegemea Niyigena apige kelele, na ningependa afanye hivyo, maana mtu akikupigia kelele unapata la kujibu. Akasema taratibu tu:

"Sikio ya mutoto, Perpétue?"

Tangu niolewe na kaka yake hajawahi kuniita kwa jina langu. Nimekuwa Mama Vanessa kwake tangu mtoto azaliwe. Rémy alisikia pia, nikamwona anaangalia chini.

Vanessa aliinuka. Aliingia chumbani kwake, tukasikia mifuko. Alipotoka alikuwa na begi la shule begani na viatu mkononi.

"Unaenda wapi na homa?" Rémy akauliza.

"Kwa masenge."

"Nimesema nini sasa hivi?"

"Wacha aende," nikamwambia Rémy. Niliingia jikoni, nikafunga kwenye karatasi vidonge alivyotupa Evariste, nikaandika saa za kuvimeza, nikampa Niyigena mkononi. "Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula. Bandeji isiloane. Na kule kwako usipake kitu."

"Sitapaka," akasema.

Wakaondoka. Kutoka mlangoni niliona Niyigena amebeba lile begi, na Vanessa ameegemea bega lake. Rémy hakusema nami hadi kesho yake.

Kidonda cha namna ile kinabadilishwa bandeji mara mbili kwa siku, na Evariste hakuwa na mtu wa kumtuma. Kwa hiyo nilienda mimi. Katika miaka mitatu nilikuwa sijawahi kuketi ndani ya chumba kile nilichokitafuta mwenyewe. Kina kitanda kimoja, kioo kikubwa, na rangi za kucha zimepangwa dirishani. Siku ya kwanza Vanessa alinigeuzia sikio bila salamu. Niyigena alikaa kitandani akampa mkono. Nilinawa, nikafungua pamba, nikasafisha, nikafunga, nikaondoka. Jioni vilevile. Kesho yake vilevile.

Waliongea wenyewe kwa wenyewe nikiwa nafanya kazi. Walimcheka bibi harusi mmoja aliyesinzia akisukwa hadi akaangusha kioo. Vanessa alipocheka, kichwa kilitikisika, nikasubiri kitulie. Ilipouma, alifinya vidole vya Niyigena hadi vikawa vyeupe. Niliviona. Niliona hata kwamba Niyigena ana kovu kwenye kidole gumba, kwa kuwa kila siku nilikuwa naangalia mkono ule badala ya kuangalia mahali pengine. Bado nilikuwa na wivu. Kusema hadharani hakukuutoa. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

Asubuhi ya siku ya sita bandeji ilitoka kavu. Usaha ulikuwa umekwisha. Sasa umbo lilionekana: ukingo wa juu umejikunja kuelekea ndani, kama ukurasa wa kitabu uliokunjwa ncha. Vanessa alichukua kioo cha mkononi akajitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilisogea. Akamwangalia masenge wake.

"Litabaki hivi?" akamwuliza.

Niyigena alifungua kinywa, akakifunga tena.

"Uliza mama yako," akasema. "Mimi sijui."

Vanessa alisita. Alimwangalia tena, kana kwamba anahakikisha amesikia vizuri. Kisha macho yake yakaja kwangu kwenye kioo, si moja kwa moja.

"Litabaki hivi?"

Hata swali hilo moja nililipata kwa ruhusa ya yule mwanamke. Nililichukua hivyohivyo.

"Litabaki," nikasema. "Uvimbe utapungua kidogo, lakini mkunjo utabaki. Ukivaa kitambaa halitaonekana. Usipovaa litaonekana."

"Na kutoboa tena?"

"Hapo juu, hapana. Kamwe."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Hakulia. Alikiweka kioo kitandani, akaushika tena mkono wa Niyigena, akanigeuzia sikio.

"Fanya," akasema.

Nikachukua pamba safi.